Mwalimu bila jina, muuguzi mwenye jina: Yambuku 1976 na siri za watu katika majarida ya sayansi



Nianze na aibu yangu mwenyewe. Wakati wa kuandika TFC, kituo kimoja cha afya kilinipa mafishi ya wagonjwa. Mwenye kuniongoza aliniambia neno moja tu: «Ficha majina.» Nikaficha. Pale penye jina niliandika herufi mbili za kwanza, kisha miaka, kazi, hali ya ndoa na avenyu. Niliona nimefanya kazi safi kabisa. Siku ya kutetea, jedwali likiwa ukutani mbele ya watu, nikasikia mwanamke mmoja nyuma akimnong'oneza mwenzake: «Huyu si ni ule mama wa kuuzisha mukate pale kwetu?» Mwenzake akaitika: «Ni yeye tu.» Waliokaa mbele kunipima hawakusikia. Mimi nilisikia. Nilipewa alama nzuri, lakini nilirudi nyumbani na ile sauti.

Tangia siku ile ninajiuliza: kumbe kumficha mtu katika maandishi ni kufanya nini? Kutafuta jibu kulinirudisha katika historia ya inchi yetu, kwenye tukio ambalo wanafunzi wa udaktari wanalisoma duniani kote: Ebola ya Yambuku, mwaka 1976. Mara nyingi tunaisoma kama historia ya kirusi. Leo tuisome kama historia ya majina. Jina la nani lilifichwa? La nani lilitangazwa? Na nani aliulizwa?

1. Mwalimu

Yambuku iko katika eneo la Bumba, ambalo leo ni jimbo la Mongala. Wakati ule ilikuwa Equateur, na inchi iliitwa Zaire. Pale kulikuwa misheni ya Kikatoliki yenye shule na hospitali ya vitanda 120, na masista Wabeljiji walifanya kazi humo pamoja na wauguzi wa kwetu. Tarehe 26 Agosti 1976, mwalimu mmoja wa shule ya misheni alifika na homa. Walifikiri ni malaria, wakamchoma sindano ya klorokini. Homa ikashuka, kisha ikarudi kwa nguvu. Mwanzoni mwa Septemba alikufa.

Hospitali ile ilikuwa inawapa wauguzi sindano tano kila asubuhi, kwa kazi ya siku nzima. Kati ya mgonjwa na mgonjwa zilisuuzwa tu kwa maji. Hivyo ugonjwa ukatembea na sindano, kisha ukatembea na mikono ya wale waliowauguza na kuwazika wapendwa wao. Mwisho wa Septemba hospitali ilifungwa, juu wafanyakazi 11 kati ya 17 walikuwa wamekwisha kufa. Mlipuko ulipoisha, hesabu ilikuwa hii: wagonjwa 318, waliokufa 280, katika vijiji 55.

Ripoti ya tume ya kimataifa ilitoka mwaka 1978 katika jarida la Shirika la Afya Duniani. Jina la ule mwalimu haliko ndani. Imeandikwa tu kwamba mgonjwa wa kwanza alikuwa mwalimu wa kiume wa shule ya misheni, mwenye miaka 44, aliyekuja kutibiwa tarehe 26 Agosti, akiwa ametoka safarini. Kwa mtu anayesoma ripoti hiyo Antwerp ao Atlanta, huyo ni mtu asiyejulikana. Ni namba.

Lakini chukua karatasi ileile, uipeleke Yambuku. Walimu wa kiume wa shule ile, wenye miaka 44, waliokufa mwezi ule, walikuwa wangapi? Kila mtu wa kijiji angemtambua kabla hata ya kumaliza sentensi. Mjane wake, watoto wake, wanafunzi aliowafundisha kuandika, wote wangesema: «Ni yeye.» Ni yaleyale niliyoyasikia nyuma yangu siku ya kutetea. Na baadaye waandishi wengine waliliandika jina lake wazi katika vitabu. Leo linatembea duniani pamoja na maneno «mgonjwa wa kwanza», kana kwamba maisha yake yote yalikuwa kazi ya kuanzisha ugonjwa.

Je, ripoti ilikosea? Tusikimbilie kuhukumu. Bila umri, kazi, tarehe na habari ya ile sindano, tusingejua ugonjwa ulipita njia gani. Tume ilionyesha kwamba hospitali yenyewe ilisaidia kueneza kifo, na somo lile limeokoa watu wengi tangu hapo. Shida iko pale: sayansi inahitaji mambo madogo-madogo ya mtu ili ielewe, na ni hayohayo madogo-madogo yanayomwonyesha mtu kwa kidole. Ukitoa yote, makala haina faida. Ukiacha yote, mtu yuko uchi.

2. Kijiji

Kuna kitu kingine ambacho watafiti wa 1976 walijaribu kukificha, na walifanya hivyo kwa kufikiri: jina la kijiji.

Peter Piot, Mbeljiji aliyekuwa kijana katika ile timu, amesimulia mazungumzo ya usiku mmoja, watafiti wakitafuta jina la kirusi kipya. Pendekezo la kwanza lilikuwa rahisi: kiitwe Yambuku, mahali kilipoonekana. Lakini mwenzao mmoja, Joel Breman, akawakumbusha mambo ya Lassa. Lassa ni mji wa Nigeria. Mwaka 1969 ugonjwa mpya ulionekana pale, ukapewa jina la mji. Toka siku hiyo, mtu akisema anatoka Lassa, wanaomsikiliza wanarudi hatua moja nyuma. Basi Karl Johnson, Mmarekani aliyeongoza tume, akapendekeza wachukue jina la mto. Wakatazama ramani, wakaona mto Ebola, wakauchagua. Baadaye ilionekana kwamba ramani ile ilikuwa ndogo, na hata mto Ebola haukuwa wa karibu zaidi na Yambuku. Lakini jina lilikwisha kwenda. Machi 1977, jarida la The Lancet la Uingereza lilitoa makala za kwanza juu ya kirusi hicho, na jina la mto likaingia katika sayansi.

Sisi tunaosoma leo tuone uzito wa jambo hili. Hakukuwa sheria iliyowalazimisha. Waliona tu kwamba jarida linaweza kuchafua kijiji kizima kwa miaka mia, na kwamba watu wa Yambuku walikuwa wamekwisha kufiwa vya kutosha. Faragha, yaani haki ya kutoanikwa mbele ya watu, haiko ya mtu mmoja tu. Familia inayo, kartie inayo, kijiji kinayo. Kwetu tunaelewa hilo haraka kuliko sheria za Wazungu, juu kwetu mtu akitajwa vibaya, ukoo mzima unainamisha kichwa.

Shirika la Afya Duniani lilichelewa sana kuliandika wazo hilo. Ni Mei 2015 ndipo lilitoa mwongozo kwamba ugonjwa mpya usipewe jina la mahali wala la mtu. Na mwaka 2022, aina ya mpox iliyokuwa ikiitwa katika majarida kwa jina la Bonde la Kongo ikabadilishwa kuitwa kundi la I. Sisi Wakongomani tulibeba jina lile miaka mingi bila mtu kutuuliza.

3. Muuguzi

Sasa tufike kwenye jina linalonisumbua zaidi.

Masista wa Yambuku walipougua, baadhi walisafirishwa mpaka Kinshasa, Kliniki Ngaliema. Aliyemleta mmoja wao ni daktari kijana Mkongomani, Jean-Jacques Muyembe, aliyekuwa amefika Yambuku mapema na kuchukua damu ya wagonjwa kwa mikono mitupu, bila glavu. Kule Ngaliema, muuguzi mmoja wa kike, Mayinga, alimhudumia mgonjwa. Alikuwa bado kijana, na alikuwa na mipango ya kwenda kusoma ng'ambo. Naye akaambukizwa. Oktoba 1976 akafa. Watu wengi walikuwa wamekutana naye mjini kabla hajalazwa, na Kinshasa ilitetemeka, lakini hakumwambukiza mtu hata mmoja.

Damu yake ilipelekwa maabara, na kirusi kilichotoka humo kikawa kile ambacho dunia nzima inatumia kama mfano. Jina lililoandikwa juu ya kichupa ni jina lake. Kwa hiyo, kwa karibu miaka hamsini, mtu akifanya jaribio la chanjo ya Ebola ao la dawa, mara nyingi sana utakuta neno «Mayinga» katika sehemu ya mbinu. Kiko kirusi cha Mayinga cha kulinganishia, kiko katika hazina za data za jenomu, kiko katika makala zisizohesabika. Wengi wanaoliandika hawajui kwamba lilikuwa jina la mtu. Wanafikiri ni mahali.

Iko pia picha. Katika maktaba ya picha ya taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, CDC, kuna picha ya mwaka 1976: wauguzi wawili wamesimama mbele ya kitanda cha mgonjwa, Kliniki Ngaliema. Maelezo ya chini yanasema ni mgonjwa namba 3 wa Kinshasa, kisha pembeni yanaandika jina: muuguzi Mayinga. Tazama vizuri. Walimpa namba ili afichike, na palepale wakaandika jina. Mkono mmoja ulifunga mlango, mwingine ukafungua dirisha.

Halafu kuna jambo la kuchekesha bila kufurahisha. Wataalamu wa siku zetu wamepanga upya namna ya kuandika majina ya virusi vya jamii hii, ili kila kimoja kijulikane kwa utaratibu: mwenyeji, inchi, mwaka, mahali. Jina kamili la kile cha 1976 sasa linaandikwa hivi: Ebola virus/H.sapiens-tc/COD/1976/Yambuku-Mayinga. COD ni inchi yetu. Yambuku, ambayo watafiti waliificha nyuma ya mto kwa huruma, imerudi. Mayinga hajawahi kuondoka.

Tuwe wa haki. Haikuwa dharau kwa Waafrika peke yetu. Kuandika jina la mgonjwa juu ya kichupa ilikuwa desturi ya maabara za wakati ule. Kirusi cha Marburg, kilichoonekana Ujerumani mwaka 1967, kina aina zinazobeba majina ya familia za Wajerumani waliougua. Mwaka 1980 huko Kenya, aina nyingine ilipewa jina la Musoke, daktari aliyeambukizwa akimtibu mgonjwa, akapona. Desturi ilikuwa ya wote. Ila daktari Musoke alibaki hai, na angeweza kusema anakubali ao anakataa. Muuguzi wa Ngaliema hakupata nafasi hiyo.

Kuna rafiki niliyemwambia haya, akanijibu: «Lakini si ni heshima? Bila jina lile, nani angemukumbuka?» Ni swali zuri, na sitalipita haraka. Muuguzi alikufa akifanya kazi yake. Kumtaja ni kumheshimu. Mimi mwenyewe nimemtaja hapa, juu jina lake limekwisha kuwa la historia, na kulinyamazia leo kungekuwa kumfuta mara ya pili. Lakini heshima hutolewa kwa kujua. Tunalipa jina la mtu shule ao barabara, tunakusanyika, tunaalika familia, tunasema alifanya nini. Jina lililobaki juu ya kichupa, katikati ya kipimo cha joto na idadi ya panya, halisemi alifanya nini. Linasema alikufa na nini.

Na angalia mizani ilivyolala. Miaka ileile ambayo jina la mgonjwa Mkongomani lilikuwa linachapishwa kila mahali, jina la mwanasayansi Mkongomani, Profesa Muyembe, halikusikika sana katika simulizi ya ugunduzi wa Ebola. Dunia ilianza kumtaja vizuri miaka mingi baadaye. Jarida lina mamlaka ya kutoa majina ya namna mbili: jina la sifa, juu ya makala, na jina la kuanikwa, ndani ya makala. Kwa muda mrefu sisi tulipewa sana lile la pili.

4. Kanuni zilivyokuja

Mtu atauliza: wakati ule kanuni zilikuwa wapi?

Zilikuwako, lakini changa. Chama cha Madaktari Duniani kilipitisha Azimio la Helsinki mwaka 1964, kuhusu utafiti unaofanywa kwa binadamu. Mwaka 1975, kule Tokyo, lilirekebishwa na kuongezwa mambo mawili makubwa kwa habari yetu: kwamba lazima kuchukua kila tahadhari ya kuheshimu faragha ya mtu anayechunguzwa, na kwamba makala ya utafiti uliovunja misingi hiyo isikubaliwe kuchapishwa. Ni hapo jarida lilipewa kazi ya kuwa mlinzi wa mlango. Yambuku ilikuja mwaka uliofuata.

Januari 1978, wahariri wa majarida ya udaktari walikutana Vancouver, Kanada. Walianza na mambo ya kawaida: makala ipangwe namna gani, vitabu vilivyotumiwa viandikwe vipi. Kikundi kile kikakua, kikawa kamati ya kimataifa ya wahariri ambayo kanuni zake majarida mengi ya udaktari yanazifuata mpaka leo. Lakini ilichukua miaka mpaka waseme wazi juu ya siri ya mgonjwa. Mwaka 1995 walitoa tamko: mgonjwa ana haki ya faragha, na haki hiyo haivunjwi bila ridhaa yake. Kitu chochote kinachoweza kumtambulisha kisichapishwe, isipokuwa sayansi inakihitaji kweli, na yeye mwenyewe amekubali kwa maandishi, tena akionyeshwa kile kitakachotoka.

Tamko hilo la 1995 lilikuwa na mambo mawili ambayo ningependa kila mwanafunzi ayashike. La kwanza: kuweka ule mstari mweusi juu ya macho katika picha haitoshi kumficha mtu. Tumeuona mstari ule katika vitabu vingi vya zamani. Lakini mama yako akipita, unamjua kwa macho tu? Unamjua kwa mdomo, kwa shingo, kwa kitambaa alichojifunga. La pili: usibadilishe data ili kumficha mtu. Kuacha jambo lisilo la lazima, ndiyo. Kudanganya kwamba ana miaka 30 kumbe ana 44, hapana, juu atakuja mwingine kujenga utafiti wake juu ya uongo wako.

Kwa nini kufuta jina hakutoshi? Mtu aliyelionyesha vizuri ni Latanya Sweeney, alipokuwa mwanafunzi Marekani. Miaka ya 1990, jimbo la Massachusetts lilitoa data za hospitali za wafanyakazi wake bila majina, likiamini ziko salama. Sweeney akanunua orodha ya wapiga kura kwa dola 20, akalinganisha tarehe ya kuzaliwa, jinsia na namba ya posta. Akalipata faili la gavana mwenyewe. Mwaka 2000 alikadiria kwamba mambo hayo matatu peke yake yanatosha kumtofautisha mtu mmoja na wengine wote kwa asilimia 87 ya watu wa Marekani. Kama katika inchi ya mamilioni mambo matatu yanatosha, katika avenyu yenye nyumba arobaini yanahitajika mangapi?

5. Familia iliyojikuta katika jarida

Mfano mwingine unatoka Baltimore, Marekani, na ninauweka hapa juu unajibu swali moja: mtu akiisha kufa, siri yake inabaki ya nani?

Mwaka 1951 mwanamke mweusi, Henrietta Lacks, alitibiwa kansa katika hospitali ya Johns Hopkins. Madaktari walichukua chembe za uvimbe wake bila kumwomba, na chembe hizo zikawa za kwanza za binadamu kuendelea kuishi na kuzaana maabara bila mwisho. Ziliitwa HeLa. Ili kumficha, watu waliambiwa kwamba mwenye chembe alikuwa Helen Lane. Mwaka 1971 jarida moja la udaktari wa wanawake likaandika jina la kweli. Familia, ambayo haikuwa na habari, ilikuja kujua baadaye kwamba mama yao yuko katika maabara za dunia nzima.

Mwaka 2013, watafiti wa Ulaya walichapisha jenomu nzima ya chembe za HeLa katika jarida, na data wakaziweka wazi kwa kila mtu. Hakukuwa kanuni iliyowakataza. Lakini jenomu ya marehemu ni nusu ya jenomu ya watoto wake, na sehemu ya wajukuu. Familia ikalalamika. Watafiti wakaziondoa data, na Agosti mwaka uleule kukawa mapatano na taasisi za afya za serikali ya Marekani: anayetaka kuzisoma aombe ruhusa, na watu wawili wa familia wakae katika kamati inayotazama maombi.

Tazama tofauti na Ngaliema. Familia ya Lacks ilichelewa kuulizwa miaka sitini na zaidi, lakini mwishoe ilipewa viti mezani. Utafiti haukusimama. Chembe bado zinatumiwa. Kuuliza hakukuua sayansi.

6. Na sisi je?

Tusiseme haya ni ya Wazungu na majarida yao makubwa. Sisi ndio tunaokusanya data. Katika Ebola ya Kivu Kaskazini na Ituri, ya 2018 mpaka 2020, iliyoua watu 2.287 kati ya wagonjwa 3.470, waliozunguka nyumba kwa nyumba na makaratasi ni vijana waliosoma, kama wewe na mimi. Katika mlipuko kama ule, ramani inaweza kufika mpaka kartie, tarehe mpaka siku, kazi ya mtu mpaka jina la soko. Watu wakikataa kuandikwa, tusikimbilie kusema ni ujinga. Anayekataa anaweza kuwa anajua kitu ambacho sisi tumesahau: aliyepona anarudi kuishi palepale.

Sheria iko. Katiba yetu ya 2006, kipengele cha 31, inalinda maisha ya siri ya kila mtu. Na tarehe 13 Machi 2023 inchi ilipata kodi ya mambo ya dijitali, yenye sehemu nzima juu ya ulinzi wa data za mtu binafsi. Ulaya ina sheria yake iliyoanza kutumika Mei 2018, na majarida mengi tunayoyaota yanaifuata. Hiyo ndiyo sababu ukituma makala utaulizwa: kamati ya maadili ilikubali? ridhaa iko wapi? Hayo maswali haiko fitina ya kuwafungia Waafrika mlango. Yanatoka katika historia niliyoisimulia, na sehemu yake iliandikwa kwa damu ya watu wetu.

Jarida linatunza pia siri yako wewe mwandishi. Unalipa jina, barua pepe, simu, mahali unaposoma. Jarida la kweli litakuambia data hizo ni za kazi ya jarida tu, na mara nyingi litaficha majina ya wale wanaopima makala yako ili waseme ukweli bila woga. Jarida la uongo litachukua barua pepe yako, na kesho utapata barua kumi za «Mheshimiwa Profesa, tuma makala na dola mia mbili». Jinsi jarida linavyotunza jina lako ni alama ya kwanza ya jinsi litakavyotunza majina ya wagonjwa wako.

Basi mbele ya kutuma kazi yako, fanya haya. Andika kundi la umri, 40 mpaka 49, kama mwaka kamili hauhitajiki. Toa avenyu, weka eneo la afya. Kama katika kisanduku kimoja cha jedwali kuna mtu mmoja tu, kiunganishe na kingine. Herufi za jina zitupe kabisa, hazisaidii utafiti wowote. Tumia namba ambayo haitoki kwenye jina, na daftari linalounganisha namba na mtu ulifungie. Fomu ya ridhaa iseme wazi kwamba makala itachapishwa na watu wa mbali na wa karibu wataisoma, tena iseme kwa lugha ambayo yule mama anaiongea nyumbani. Na kipimo cha mwisho, ambacho hakimo katika kanuni yoyote ya Vancouver: keti uisome kazi yako kana kwamba wewe ni jirani wa yule mgonjwa, mwenye kupenda habari. Ukimtambua, rudi uandike tena.

Mimi nilirudi. Niliomba kubadilisha lile jedwali katika kopi ya maktaba, na walinikubalia. Ya mwenye kuniongoza ilibaki ilivyo, na zile nilizowapa rafiki sijui ziko wapi. Mama mwenyewe bado anauzisha mkate palepale. Ninanunua kwake mara kwa mara. Sijapata bado namna ya kumwambia.